Sidii ya Upande wa Wanawake

Usiku wa harusi ya Hessa, simu zote za wageni zilipita mikononi mwa Metrine, na hata moja hakuifungua.

Ndiyo kazi aliyokuwa amepewa. Harusi ya Saudi ina kumbi mbili, ya wanaume na ya wanawake, na huku kwa wanawake abaya huvuliwa mlangoni, nywele zikaachiliwa, mabega yakawa wazi, na mtu ambaye mwaka mzima hujamwona ila macho ukamwona mpaka kitovu. Kwa hiyo picha hazipigwi. Kila mgeni alitoa simu yake mlangoni, Metrine akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaibandika namba, akaitia ndani ya mkoba mkubwa wa kijani aliokuwa ameupakata. Alikaa na mkoba ule kutoka isha hadi karibu alfajiri, hakwenda hata chooni. Walikuwepo wafanyakazi saba wa nyumbani katika ukumbi ule wa Jeddah, lakini madam, mama yake Hessa, alimchagua yeye. "Huyu macho yake ni macho yangu," aliwaambia dada zake. Metrine alikuwa amefanya kazi kwa madam mwaka mmoja na miezi kumi na moja bila kusifiwa. Neno lile alilikunja akaliweka, kama mtu anavyokunja leso nzuri.

Mtu mmoja tu aliruhusiwa kamera, mwanamke wa Kimisri aliyekodiwa kwa masharti: atatengeneza sidii moja, ataileta kwa mkono wake, kisha atafuta kila kitu kwenye kamera mbele ya mama wa bibi harusi. Siku ya nne alikuja mtaa wa Al-Hamra, palepale Jeddah, kwenye nyumba ya bwana harusi, akatimiza. Metrine alikuwa anapitisha kahawa, akaona kwa macho yake jinsi kioo cha kamera kilivyobaki cheusi. "Nakala moja, halas," alisema yule Mmisri akipangusa mikono. Sidii ilikuwa ndani ya kasha la samawati. Madam alimpa Metrine aipakate ndani ya ndege hadi nyumbani Riyadh, kwa sababu mikoba ya madam ilikuwa imejaa.

Metrine aliipakata kama yai. Alikuwa na sababu ya kutaka kila kitu kifike salama. Mkataba wake ulikuwa umebakiza mwezi mmoja, na madam alikuwa ameahidi kwamba harusi ikiisha atamwombea kwa kafili, mdhamini wake kisheria, yaani mume wa madam, ampigie Metrine muhuri wa kutoka nchini. Bila muhuri ule pasipoti ni karatasi tu. Nyumbani Malava alikuwa amemwacha Maryann, mtoto wa miaka miwili, ziwa bado liko mdomoni. Sasa Maryann alikuwa na minne. Kwenye simu alimwita nyanya yake "mama", na mama yake alimwita "Metrine", hivyo hivyo, kama jirani.

*

Alhamisi iliyofuata, alasiri, sebule ya wanawake kule juu ilijaa. Walikuja dada watatu wa madam, majirani wa mtaa wao wa Al-Suwaidi ambao hawakuweza kusafiri mpaka Jeddah, na wifi yake madam, Umm Rakan, mwanamke mrefu ambaye tangu zamani alikuwa akisema kaka yake angeweza kupata mke bora. Tende zilipangwa, kahawa ikamiminwa, buhuri ikafukizwa. Madam mwenyewe aliitia sidii kwenye mashine iliyokuwa chini ya televisheni.

Mashine ilinguruma. Ikasita. Ikanguruma tena, kisha maneno mawili yakatokea kwenye kioo, na Metrine, aliyemaliza darasa la nane, aliyasoma akiwa amesimama na birika: hakuna sidii.

Madam akaitoa, akaifuta kwa ukingo wa nguo, akairudisha. Hakuna sidii. Akaigeuza juu chini. Mashine ikaitema.

"Labda binti yako aliolewa gizani," Umm Rakan alisema, na mmoja wa majirani akacheka kabla hajajizuia.

"Subirini."

"Tunasubiri. Kahawa yako ni tamu, hatuna haraka." Umm Rakan aliichukua ile sidii, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ni tupu, dada yangu. Tazama, safi kama sahani. Imebadilishwa. Nani aliibeba kutoka Jeddah?"

Chumba kizima kilimgeukia Metrine na birika lake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Wageni waliondoka na manong'ono yao. Begi la Metrine lilimwagwa sakafuni: nguo za ndani, gauni dogo la waridi alilomnunulia Maryann, barua. Godoro lilipasuliwa kwa kisu cha jikoni. Simu yake ilipekuliwa picha moja moja, na ingawa hazikuwemo ila picha za mtoto na za sufuria alizosugua vizuri, madam aliitia mfukoni. Kisha akafungua mtoto wa meza, akaitoa pasipoti ya buluu, akaisukuma kifuani chini ya sidiria.

"Itakaa hapa mpaka sidii irudi. Umeiuza kwa nani?"

"Wallahi, madam, ndiyo hiyo hiyo. Sijaibadilisha."

"Na baba asisikie neno. Fahad asisikie neno." Baba alikuwa mume wa madam, na Fahad mwanawe, kijana wa miaka ishirini na tano. "Kule Jeddah wakijua picha za wake zao ziko mikononi mwa watu, Hessa anarudishwa kwangu kabla hina haijafutika. Umenielewa? Unaweza kunivunjia nyumba mbili kwa mkono mmoja."

Metrine alielewa kuliko madam alivyodhani. Alielewa kwamba jambo hili limefungiwa upande wa wanawake, na kwamba hapo ndipo litakapomzika.

*

Jikoni alikuwako Rosebellah, mpishi, mama wa miaka arobaini na tatu kutoka Kisii, ambaye wafanyakazi wenzake walimwita Mama Naftali. Alikuwa na miaka sita Riyadh na alishaona watu wakija wanono wakarudi kwa sanduku.

"Sasa wewe msichana," alisema akimenya vitunguu, "kama umeiuza niambie tugawane."

"Mama Naftali!"

"Ai, nakutania. Lia kidogo, halafu unishikie hii nyama."

Metrine hakulia. Alikuwa mtu wa kutazama. Nyumbani kwao walisema angeweza kukaa mbele ya kichuguu kutwa nzima mpaka ajue kumbikumbi watatokea tundu gani. Siku zilizofuata alitazama. Madam alikuwa ameiacha sidii juu ya kabati la sebuleni, maana nani aibe kitu kitupu, na kila alipopangusa vumbi Metrine aliitazama kando ya sidii za zamani za madam, zile za tamthilia za Ramadhani. Kasha lake lilikuwa fupi kuliko mengine, pembe zake zimeviringwa. Tumbo la sidii za zamani lilikuwa la fedha iliyofifia. La hii lilikuwa jeusi jeusi lenye samawati ndani yake, kama mafuta ya taa yakielea juu ya maji. Na juu ya kasha palikuwa na alama, herufi ndogo ya b iliyochorwa kama jicho, na maneno Blu-ray chini yake. Mashine ya madam ilikuwa na herufi tatu tu usoni, D, V, D. Lile jicho haikuwa nalo.

Ila alishaliona mahali. Jumamosi asubuhi, Fahad akiwa bado amelala, alipokuwa akifagia majilisi, sebule ya wanaume kule chini, aliinama mbele ya mashine mpya nyembamba iliyowekwa chini ya televisheni kubwa kama mlango. Jicho lilikuwepo.

Ndipo maneno ya Fahad yakamrudia. Kabla ya harusi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la majilisi na sinia la chai, akingoja mmoja wa vijana aje alipokee kama desturi ilivyo, na Fahad alikuwa anawaringia marafiki zake. Kiarabu cha Metrine kilikuwa cha jikoni na cha kufokewa, lakini rangi alizijua, na mikono ya Fahad ilionekana kwenye upenyo. Mashine ya zamani inasoma kwa taa nyekundu, nene. Hii mpya inasoma kwa taa ya samawati, nyembamba mno, kwa hiyo maandishi yake yameandikwa madogo, yamebanana, na mengi mara tano. Mashine mpya inasoma za zamani na za kwake. Ya zamani ukiipa mpya, alisema, inakuwa kipofu, inakuambia hujaitia kitu. Tena akawaonya rafiki zake wasiishike ovyo, kwamba maandishi ya sidii hizi hayako ndani kama ya zile, yako chini tu ya ngozi.

Metrine alisimama na fagio, akamwona akilini nyanya yake mzaa baba. Mwaka fulani mchungaji alimletea bibi yule Biblia ya mfukoni. Bibi alizoea ile kubwa ya maandishi kama njugu. Akaifungua ndogo, akaisogeza mbali, akaileta karibu na pua, kisha akaifunga kwa huzuni. "Hawa watu," akasema, "wamechapa kitabu wakasahau kuandika." Wajukuu walicheka mpaka wakafukuzwa.

Sidii haikuwa tupu. Macho ya mashine ya madam ndiyo yaliyokwisha.

Alikimbia jikoni kumwambia Rosebellah, naye Rosebellah aliweka kisu chini.

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

"Basi nyamaza. Hapa Saudi, mami, kitu ukikijua, kijue kimya kimya. Mimi nilijua gari la baba lina shida ya breki, nikasema. Dereva alipogonga ukuta, niliulizwa mimi nililifanya nini gari."

"Nikinyamaza pasipoti itaoza kwenye matiti ya madam."

Rosebellah alicheka bila kutaka. "Na ukisema?"

"Nikisema, sidii itasema pia. Itanitetea."

"Haya. Sidii ndiyo wakili wako." Akachukua kisu chake tena. "Usije ukasema Mama Naftali hakuwa mtu."

*

Metrine aliongea na madam jioni ile akimkanda miguu. Aliongea taratibu kwa Kiarabu chake kilichovunjika. Sidii ni mpya, mashine ni ya zamani. Ile ya Fahad itaisoma.

Kofi lilimfika kabla hajamaliza. "Unataka niwapeleke wanawake wa watu majilisi? Kwenye televisheni ya wanaume?"

"Wakiwa hawapo, madam."

"Nimwambie Fahad nini? Kwamba nimepoteza harusi ya dada yake?"

"Fahad asijue." Metrine aliendelea kuukanda ule mguu. "Ijumaa wanaume wote wako msikitini. Nusu saa tu. Televisheni ya huku juu ina matundu ya mviringo, waya wa mashine ya Fahad una kichwa bapa, hauingii, la sivyo ningeileta huku. Sisi ndio twende chini. Ikikosa kuonyesha, madam, ita polisi wewe mwenyewe."

Madam hakuuondoa mguu wake.

Ijumaa, baba na Fahad walipotoka na marashi yao na miswala yao, madam alishuka ngazi kwenye nyumba yake mwenyewe kama mwizi. Metrine alifunga mlango wa majilisi kwa ufunguo, akavuta mapazia. Rimoti aliijua, alikuwa ameipangusa mara nyingi na kumwona Fahad akiibonyeza. Akaitia sidii. Mashine haikunguruma. Ilinyamaza, ikawasha taa ndogo ya samawati, kisha ukuta mzima ukafunguka.

Hawakuwa wameona kitu kama kile, yeye wala madam. Hessa aliteremka ngazi za ukumbi, na kila ushanga wa gauni lake ulikuwa na mwanga wake. Ungeweza kuuona unga wa poda kwenye vinyweleo vya mdomo wake wa juu. Madam alijiona mwenyewe akimpokea binti yake, akaliona chozi linavyotafuta njia kwenye wanja, na pale kwenye zulia la wanaume akaanza kulia upya. Mkono wake ulipapasa ukaukuta mkono wa Metrine, ukaushika.

"Mungu mkubwa," alisema. "Mungu mkubwa. Yuko hapa."

Kisha kamera iligeuka kuelekea mlangoni na Metrine akajiona. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wa kijani mapajani, mikono miwili juu yake, macho makavu kwa usingizi, wazi. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba mshono wa mkoba ungeuhesabu. Hakuna mkono uliokuwa ndani ya mkoba. Aliona moyo wake ukishuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Wakili amesema.

Walikaa hivyo, mkono ndani ya mkono, mpaka vipaza sauti vya msikiti vikatoa salamu ya mwisho ya sala.

Madam aliuachia mkono. Akafuta uso. Metrine alipokuwa akiirudisha sidii kwenye kasha, alihisi anatazamwa.

"Nani alikufundisha mashine hii?"

"Hakuna, madam. Nilimsikia Fahad akieleza. Na alama zinafanana, tazama, hii hapa na ile pale."

"Mimi nimeishi na mashine hizi tangu Fahad mdogo. Sikujua." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Metrine. "Wewe ulijua. Ulijua waya, ulijua matundu, ulijua saa. Mtu hajui sidii inacheza wapi mpaka awe ameshaicheza."

"Madam, leo ndiyo mara ya kwanza. Naapa."

"Yalla, toka. Wanarudi."

*

Metrine alikuwa anaosha mchele aliposikia madam akipiga simu kwenye korido, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka Jeddah.

"Umm Rakan? Imepatikana, alhamdulillahi. Ndiyo. Ndiyo, huyo huyo. Alikuwa ameificha, akaniwekea tupu. Nilimbana mpaka akaitoa… La, hakuna aliyeiona. Njoo Alhamisi, nimemwambia baba aninunulie mashine mpya, ya zamani picha zake mbaya."

Maji ya mchele yalifurika kwenye sinki. Rosebellah alinyoosha mkono akaufunga mfereji.

"Amesema nimeificha," Metrine alisema. "Na ameiona kwa macho yake, Mama Naftali. Tumelia pamoja."

"Ulitaka amwambie wifi yake nini? Kwamba aliita watu, akatia sidii kwenye mashine isiyo yake, akachekwa bure? Halafu mtoto wa darasa la nane kutoka Malava akamfundisha?" Rosebellah alimpa kitambaa. "Katika nyumba hii mmoja lazima awe mwizi au mwingine awe mjinga. Sasa hebu nawe chagua, kama ungekuwa madam."

Jumapili madam alimwita. Pasipoti ilikuwa mezani, ina joto la mwili, na kwa sekunde moja Metrine alidhani anapewa.

"Wageni wa Alhamisi wakishaiona sidii, inakwenda Jeddah kwa Hessa, nawe unakwenda nayo. Mumewe amemletea mashine ile, kubwa, na yeye hajui hata pa kuiwasha. Wewe unaijua. Utakaa naye mwaka mmoja."

"Madam, mkataba wangu unaisha tarehe ishirini. Uliniahidi muhuri. Mtoto wangu…"

"Mwizi hupigiwa muhuri?" Madam aliichukua pasipoti, akaitia kwenye bahasha iliyoandikwa jina la mkwewe, akailamba gundi. "Shukuru sikuita polisi. Na ukifika kule, mdomo wako."

Metrine alimtazama mwanamke yule ambaye siku mbili zilizopita aliushika mkono wake kwenye zulia. Alitafuta usoni mwake kama kuna mahali panapojua. Palikuwepo. Madam aliinamisha macho, akaibonyeza bahasha kwa ngumi ishike vizuri.

*

Al-Hamra hewa ina chumvi, inakula vyuma na inaacha ukungu kwenye vioo. Hessa si mkali. Anamruhusu simu siku za Ijumaa, na Ijumaa moja Maryann aliuliza, "Metrine, wewe ni nani wetu?" kisha akakimbia kucheza kabla hajajibiwa. Mwaka mmoja umepita, umeanza wa pili. Muhuri, anasema Hessa, uko kwa mama. Mama anasema uko kwa mkwe. Mkwe hasemi na wafanyakazi.

Wageni wakija, na wanawake wa Jeddah hutembeleana sana, kahawa ya pili ikishamiminwa Hessa huita, "Ya Metrine, sidii!" Naye huileta. Huipangusa kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Anajua maandishi yako chini tu ya ngozi. Anajua punje moja ya mchanga chini ya kidole gumba ingeimaliza harusi yote, na nakala nyingine hakuna duniani. Anajua pia ni nani angeulizwa. Kwa hiyo katika nyumba ile hakuna kitu kinachotunzwa kuliko sidii ile.

Huitia kwenye mashine, taa ya samawati huwaka, na wakati mashine inajisomea Hessa huwasimulia wageni, akicheka na kupiga paja, jinsi mfanyakazi mmoja kule Riyadh alivyotaka kuiiba harusi yake, na mama yake, hodari, akamnasa kabla mtu hajaiona. Hasemi ni nani. Hana haja, kwa maana wageni hawaulizi, na Metrine anakuwa ameshika rimoti amesimama hatua mbili kutoka kwao.

Kisha ukuta hufunguka. Wageni humtazama Hessa akiteremka ngazi, huhesabu shanga, husifu picha, kwamba siku hizi mtu anaonekana kuliko alivyo. Kamera hugeuka mlangoni. Pale kwenye kiti cha plastiki yupo msichana mwenye mkoba wa kijani mapajani, mikono miwili juu yake, macho wazi, kila uzi wa mkoba unaonekana. Wageni wakati huo huwa wanachagua tende.